Naomba ushauri: kichocheo changu cha shaba kinachoka haraka

Habari zenu wakuu, naombeni msaada nimekwama. Nageuza gliseroli kuwa asidi ya laktiki kwa nanochembe za shaba zilizopachikwa kwenye alumina (oksidi ya alumini), na NaOH (soda kali), nyuzijoto 220 za Selsiasi, ndani ya naitrojeni. Raundi ya kwanza inaenda poa kabisa ila nikichuja unga wa kichocheo nikautumia tena, mara ya tatu mavuno yanashuka vibaya, na inaniuma maana kuutengeneza kunachukua siku kadhaa. Nimeuosha, nimeuchoma upya na kuupitishia haidrojeni, bado. Kupunguza NaOH ndo kabisa, gliseroli haigeuki. Nahisi alumina yenyewe inaliwa na NaOH. Sasa nitajuaje kama ni hiyo au chembe za shaba zinashikana? Na nikihamia zirkonia (oksidi ya zirkoni) au magnesia (oksidi ya magnesi) badala ya alumina, itavumilia?