Simu ya mwanangu: nilegeze wapi kwanza?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, yuko Form Two. Alipopewa simu akiwa na miaka 11, mjomba wake alimwekea Family Link ya Google: kila programu lazima niikubali mimi kwenye simu yangu, na ikifika saa 3 usiku yake inajifunga.

Mwanzo ilinifaa sana. Sasa imekuwa kero. Juzi nimo jikoni nakanda unga wa mandazi, simu inalia: anaomba ruhusa ya kamusi. Kamusi! Nikabonyeza na unga wangu vidoleni. Usiku wenzake wanatumiana maswali ya hisabati kwenye kundi la WhatsApp, yeye akirudi kusali isha, ale, hajakaa simu imeshalala.

Wiki iliyopita nimemkuta barazani na simu ya jirani, anatazama TikTok. Hakukimbia. Alisema tu, "Mama, si ulisema unaniamini?" Nilikosa jawabu.

Babake anataka vizuizi vikae mpaka Form Four. Mimi naona tunamfundisha kujificha. Nafikiria kusogeza muda hadi saa 4 na nusu, simu ilale ukumbini, ruhusa ya programu ibaki kwangu. Lile la Family Link kunionyesha alipo kwenye ramani, sijui niliache au niliondoe. Hunifaa siku akichelewa kurudi kutoka chuoni (madrasa) tu.

Wenye watoto wa umri huu, mlianza kulegeza wapi? Na baba watoto mlimwambiaje?