Tupeane uzoefu: uliosha injini ya gari, kikakukuta nini?

spana_kumi
Wakuu, naanza mimi ili msione aibu. Nimetoka safari, injini bado ya moto kabisa, nikafungua boneti nikachukua mashine ya presha nikaipiga kila kona mpaka ikang'aa, nikajiona fundi. Kuwasha sasa! Inatetemeka kama mtu mwenye homa, taa ya cheki injini inapepesa, ukikanyaga mafuta inakohoa. Fundi akachomoa koili ya tatu (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), tukamulika na tochi, shimo la plagi lina maji karibu nusu, yanacheza tu humo ndani. Nikataka nifungue plagi haraka akanishika mkono, kumbe ukifungua maji yakiwa bado humo yanashuka moja kwa moja kwenye silinda. Akayanyonya na bomba la sindano lenye kamrija, akapuliza na kompresa, koili zikaanikwa juani, jioni gari ikatulia. Nani mwingine?

mama_gia
Pole mkuu, wewe umetoka salama. Mimi ilikuwa alteneta, ile inayochaji betri, na haikufa siku hiyohiyo, ndo ubaya wake. Siku ya kwanza fen belti ikalia kidogo ikanyamaza, nikasema maji hayo yanakauka. Baada ya wiki beringi ya alteneta ikaanza kusaga, halafu taa ya betri ikawaka usiku niko njiani. Kijana aliyeniosha alikuwa ameishikilia ile presha palepale kwa karibu kabisa. Kumlaumu siwezi, nilikuwa nimesimama pembeni nachezea simu.

oili_nyeusi
Mi napingana na wanaosema injini isioshwe kabisa. Gari yangu ilikuwa inatona oili, nikaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki (mpira wa kuzuia oili, upande wa gia boksi), gia boksi ishushwe. Nikasema ngoja kwanza. Nikaosha taratibu, ikakauka, nikazunguka nayo siku mbili, kufungua boneti nakuta mstari mmoja mweusi unashuka kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini), unapita nyuma ya injini mpaka chini. Gasketi tu! Kwenye uchafu wa miaka ungeuonea wapi mstari huo?

kimya_kimya
Mie nilifuata masharti yote, nikafunika alteneta, fyuzi boksi na mdomo wa eya klina (chujio la hewa ya injini) kwa mifuko ya nailoni, nikamaliza nikawasha nikaondoka. Gari haivuti, naikanyaga inaguna tu, nasema nimeua injini. Kumbe mfuko bado uko kwenye eya klina 😂 na mwingine umeshayeyuka kwenye eksozi, ile harufu niliishi nayo siku nyingi. Siku hizi nahesabu, nikiingiza minne natoa minne.

oili_nyeusi
@kimya_kimya 😂😂 umeniua

babu_wa_jeki
Vijana mnapenda haraka. Mimi naiacha ipoe mpaka naweza kuweka kiganja juu bila kukitoa, maana maji baridi kwenye eksozi ya moto yanaweza kuipasua. Natoa teminali ya hasi ya betri (redio itasahau stesheni, haikuui). Nafunika vya umeme, napulizia sabuni ya kukata grisi, nasugua na brashi, siachi sabuni ikauke, halafu nasuuza na maji ya mpira wa kawaida yanayochuruzika tu. Mashine ya presha sileti karibu, inasukuma maji kupita sili za soketi za sensa. Kwenye soketi na koili natumia kitambaa chenye unyevu basi. Nikimaliza napuliza na kompresa, boneti inabaki wazi. Na mwenye haibridi (gari la mafuta na umeme), ukiona waya nene za rangi ya chungwa usiziguse, umeme wake si wa mchezo.

mama_gia
Babu na wale wanaoosha kwa dizeli?

babu_wa_jeki
Inang'aa ndiyo, ila mipira inavimba na kulainika, na vumbi linanata hata kuliko mwanzo. Petroli ndo kabisa, cheche moja tu umeunguza gari na nyusi.

spana_kumi
Nimesoma yote, asanteni. Nimempeleka mke wangu akaone injini ilivyong'aa, kaangalia, kauliza "kwani hiyo boneti huwa hamfungi?"