Kijana wa Form Two anabeti kwa laini ya kaka yake, nianzie wapi?

Ummu Wawili, Jang'ombe
Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Kijana wangu ana miaka 16, yuko Form Two, skuli anaingia mkondo wa mchana. Asubuhi mie na baba yake tuko kazini. Tumegundua anabeti, mikeka ya mpira na kile kindege, mchezo wa Aviator. Akaunti iko kwa laini ya kaka yake wa miaka 22. Pesa za tuisheni, 40,000, hazikumfikia mwalimu. Baba yake anataka kuivunja simu. Nipeni hatua, tafadhali.

Wakala wa Darajani
Wa alaykum salaam mama. Simu iacheni kwanza. Kubeti hakutaki simu kubwa, ziko kampuni zinazopokea mkeka kwa meseji, hata ya kitochi. Mkiivunja ataazima ya mwenzake maskani, nanyi mtakuwa hamuoni tena anachofanya. Fuateni pesa.

Kaka mtu akae na nyinyi, afungue menyu ya pesa, atoe taarifa ya miamala. Pesa ya kubeti huonekana kama malipo kwa kampuni, si kutumiwa mtu. Mkiona 500, 1,000, 1,000, 500 zimefuatana ndani ya dakika chache, hicho ni kindege, maana raundi yake mara nyingi haifiki dakika. Mkeka wa mpira huenda mmoja mmoja, zaidi siku za mechi. Jumlisheni kwa kalamu zilizotoka na zilizorudi. Msiangalie zilizorudi tu, ndizo anazozikumbuka yeye.

Halafu kaka mtu abadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo. Apige huduma kwa wateja wa kampuni ya kubeti, aombe akaunti ifungwe kabisa. Lazima apige mwenyewe, mama ukipiga wewe hawatakusikiliza, jina si lako. Aangalie na mkopo wa simu, kwa sababu deni likiwepo kila pesa itakayoingia itakatwa. Mwisho apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoijua akaifute dukani kwa mtandao wenyewe.

Baba K
Mnamdekeza. Viboko vinne na simu baharini, kesho hakumbuki hata jina la timu.

Maalim wa Wete
Kaka, heshima yako, lakini akichapwa atajifunza kuficha, na deni litabaki pale pale. Kuwa kamari ni haramu anajua, kasomeshwa chuo cha Qur'ani. Asilolijua ni hesabu, na hapo ndipo pa kukaa naye.

Chukueni karatasi. Mwambie achague mechi 10 anazoziamini, kila moja odi 1.35, yaani pesa huzidishwa kwa 1.35. Mkeka wa 1,000 ukitoka unalipa kama 20,000, na hiyo 20,000 ndiyo inayomnyima usingizi. Sasa muulize: kila mechi una uhakika gani? Atasema asilimia 70, tena kwa kujigamba. Mkubalie. Aandike 0.7 mara 10 na azizidishe zote kwa kikokotoo, mwenyewe, usimshikie. Itatoka 0.028. Yaani katika mikeka 100 hutoka 3, ikizidi. Ametoa 100,000, amerudishiwa 60,000. Na hapo tumempa uhakika anaoutaka yeye, kampuni haikumwibia hata senti. Kila mechi anayoiongeza inakuza malipo kwenye skrini na kupunguza nafasi ya kulipwa, na yeye anaona upande mmoja tu.

Jengine ni ule mkeka "uliochanika kwa mechi moja". Kichwani mwake huo ni karibu-kushinda, ndio unaomrudisha. Kwenye hesabu ni kupoteza tu, sawa na uliochanika kwa mechi saba. Mwambie hivyo waziwazi. Na akiwa kwenye vikundi vya Telegram vinavyouza "mechi za uhakika", muulize: mwenye uhakika anauza uhakika kwa 5,000 kwa nini?

Mazungumzo haya yasifanywe barazani mbele za watu. Baba atoke naye baada ya isha, watembee bega kwa bega. Kijana wa umri huu husema zaidi asipotazamwa usoni.

Fundi Simu, Michenzani
Kwenye simu, kifupi. Android 9 kwenda juu ina sehemu ya DNS binafsi (Private DNS) kwenye mipangilio ya mtandao, ndipo simu inapoelekezwa pa kutafutia anwani za tovuti. Fungua akaunti ya NextDNS, huduma ya kuzuia tovuti, washa kizuizi cha kamari, ujaze anwani utakayopewa. Ya bure inatosha simu moja. Udhaifu wake: anayejua mipangilio ataizima, au ataweka VPN, programu ya kukwepa vizuizi. Kwa hiyo ni kitasa cha mlango wa uani, si ukuta. Futeni pia programu zilizopakuliwa nje ya Play Store na mzime ruhusa ya kupakua kutoka vyanzo visivyojulikana. Usiku simu ichajiwe chumbani kwenu. Umri wake mwili unataka usingizi wa saa 8 mpaka 10.

Ummu Wawili
Ahsanteni. Taarifa imetoka: 186,000 kwa miezi mitatu, zilizorudi 71,000. Nimechoka hata kulia. Anasema hadaiwi na mtu, lakini viatu vyake vya mpira havionekani. Na kaka mtu anaona aibu kupiga simu.

Maalim wa Wete
Viatu vimeuzwa au viko rehani, basi deni lipo. Usiulize "unadaiwa?", uliza "unadaiwa na nani, kiasi gani?" Aandike majina. Mlipe nyinyi wenyewe mkononi mwa mwenye pesa, msimpe yeye apeleke. Naye afidie kwa kazi inayohesabika, asubuhi zile zile ambazo sasa ziko tupu: kwa mfano muda wa saa mbili dukani kwa ami yake, kila siku 2,000 ikifutwa kwenye daftari. Tuisheni lipeni moja kwa moja kwa mwalimu.

Siku za mwanzo atakuwa mkali, hilo la kawaida. Akianza kujitenga, kukataa chakula au kusema hana haja ya kuishi, msingoje: mpelekeni hospitali. Na 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Wakala wa Darajani
Kaka mtu aje kwangu kesho baada ya alasiri, nitakaa naye akipiga. Aje na kitambulisho, huenda wakamuuliza namba yake.