Lipa kwanza ule baadaye: Kigoma tunaiweza?

Wakuu, tuchambue hili bila kutukanana. Hapa Mwanga wapo wanaotaka migahawa yetu ifuate mtindo wa Marekani: unasimama kaunta, unachagua, unalipa, unabeba sahani yako mwenyewe ukakae. Hakuna wa kukujia mezani. Wengine wanasema huo ni ulimbukeni tu.

Tusiuchanganye na maduka ya baga. Steve Ells, mpishi wa kusomea, alifungua mgahawa wa Chipotle pale Denver, Marekani, mwaka 1993. Kuku na steki vinachomwa humohumo dukani. Wali, maharage na mboga vinapangwa mbele yako, unaonyesha kidole, wanakujazia. Bei inapanda kidogo kuliko ya wauza baga McDonald's, ila haifiki ya hoteli yenye wahudumu. McDonald's wenyewe waliweka hela humo mwaka 1998, wakajitoa 2006.

Sasa kuonyesha kidole nako ni kugeni? Kwa mama lishe masufuria yako wazi: ugali wa muhogo ule, migebuka ya mawese ile, sema unachotaka. Kwetu kinachokosekana ni bei ya kuandikwa na kulipa kabla.

Mimi nasimama na bei. Niliwahi kukaa benchi moja na kijana wa bodaboda karibu na stesheni, sahani zetu mapacha. Yeye katoa buku mbili. Mimi mwenye begi nikatajiwa buku tatu na jero, eti samaki wangu mnene! Bei ikiwa ukutani, hilo begi langu halina kazi.

Karibuni.

Mdau wa Ujiji: Mkuu, bei sawa, lakini kulipa kwanza ni kuwafukuza wateja. Wabeba mizigo bandarini wanakula saa saba, hela wanaishika jioni mzigo ukiisha. Wanaishi kwa daftari. Ukimwambia alipe kwanza umemwambia ashinde na njaa. Huko Denver mteja anakuja na kadi mfukoni.

Mtoa mada: Daftari nalikubali, sitaki life. Wa daftari waandikwe, wapita njia walipe kabla. Mbona dukani tunafanya hivyo?

Mdau wa Ujiji: Dukani hakuna foleni ya watu wenye njaa wanaotazama nani kaandikwa na nani katoa hela. Aibu hiyo umeipima?

Hapo kanibana, nakiri sina jibu zuri.

Mama lishe, Kibirizi: Nyie mnaongea kama samaki wanatoka stoo. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, migebuka inakuwa michache na bei inaruka asubuhi hiyohiyo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Niandike bei ipi ukutani? Wa baga ananunua kwa mkataba, mimi nanunua mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, alfajiri. Na yule binti anayepeleka sahani mezani mnamwachisha kazi? Ndiye anayeosha vyombo na kuchota maji.

Mtoa mada: Mama, shikamoo. Binti abaki, na rangi ya ukutani basi tuiache. Chukua ubao na chaki: ukirudi mwaloni unaandika bei ya leo, kesho unafuta. Ila ikishaandikwa, mwenye begi na asiye na begi wasome namba moja.

Mama lishe, Kibirizi: Marahaba. Chaki naweza. Lakini anayetaka kichwa cha samaki na anayetaka mkia hawawezi kulipa sawa, hilo nalo liandikwe.