Mke wangu ana asili ya Ethiopia: je, dawa yenye kodeini ni salama kwake akinyonyesha?

Baba_Mtarajiwa:
Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Mke wangu, ambaye wazazi wake wote wawili wametoka Ethiopia, anatarajiwa kujifungua kwa upasuaji mwezi ujao. Alipong'olewa jino mwaka jana alipewa vidonge vya maumivu vyenye kodeini, na baada ya kumeza kimoja tu alilewa usingizi, akawa anajibu kwa shida na kutapika hadi usiku. Mimi, ambaye kwetu ni Singida, niliwahi kutumia vidonge hivyohivyo nilipovunjika mkono na sikupata nafuu ya maana. Je, ni kweli kwamba asili ya mtu inaweza kuleta tofauti kubwa namna hii? Na nikimtajia daktari asili ya mke wangu, sitaonekana naleta ukabila hospitalini?

Mfamasia_wa_Zamu:
Hongereni kwa ujauzito, ndugu yangu. Kodeini yenyewe ina nguvu ndogo. Kazi kubwa hufanyika pale ini linapobadili sehemu yake kuwa mofini, dawa kali ya maumivu inayolewesha usingizi, kwa kutumia kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kinachotokana na jeni iitwayo CYP2D6. Wapo watu waliorithi nakala za ziada za jeni hiyo, na miilini mwao mofini hutengenezwa haraka na kwa wingi kuliko alivyokusudia aliyeandika dozi. Wapo pia waliorithi jeni dhaifu, ambao humeza kidonge na kubaki na maumivu yao. Mwaka 1996 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala za ziada, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha Ulaya ya kaskazini. Kwa Watanzania, aina za jeni hiyo zinazopunguza kasi ya kimeng'enya ni za kawaida.

Kwa hiyo mwelezeni daktari bila kusita, ila mtangulize habari ya jino kabla ya habari ya asili. Waethiopia wengi hawana nakala hizo, na yaliyompata mkeo mwenyewe yana uzito kuliko asili ya wazazi wake.

BintiTanga:
Naunga mkono, na ningependa kuongeza jambo linalonigusa sana kama muuguzi. Tunazoea kuwaweka Waafrika wote kapu moja, ilhali watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliotumia efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU, walikuta kiwango cha dawa kwenye damu kikiwa juu zaidi kwa Watanzania. Dawa hiyo huvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine, kinachotokana na jeni CYP2B6, na ikirundikana huleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Mgonjwa anayelalamika kuhusu dawa asikilizwe, asiambiwe tu kwamba wenzake wanaivumilia.

Baba_Mtarajiwa:
Nashukuru sana. Je, akipewa tramadoli badala ya kodeini itakuwa salama zaidi?

Mfamasia_wa_Zamu:
Hapana, kwa sababu tramadoli nayo hupitia CYP2D6. Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya matumizi ya dawa zote mbili kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa mofini, au kile ambacho tramadoli hugeuzwa kuwa, hupita kwenye maziwa. Parasetamoli na ibuprofeni ndizo zinazotangulizwa kwa kawaida baada ya upasuaji wa uzazi, na hazitegemei jeni hiyo. Daktari ataangalia kama figo, tumbo na presha ya mkeo vinaruhusu ibuprofeni. Ombeni tukio la kodeini liandikwe kwenye kadi ya kliniki mapema, ili hata daktari wa zamu ya usiku alikute. Na ikiwa kwa sababu yoyote atapewa mojawapo ya dawa hizo, mtoto akilala kupita kawaida, akashindwa kunyonya, akalegea au akapumua kwa shida, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.