Naomba ushauri: kufundisha wamama gerezani kutafakari

Jambo wapendwa. Nafundisha wamama wafungwa hapa Bukavu kutafakari: kukaa kimya, kufuata pumzi, kurudisha mawazo yakitangatanga. Shida ni macho. Nikisema wayafumbe, baadhi wanatetemeka. Mmoja alishika kitenge cha jirani yake, hakukiachia mpaka mwisho. Wengi wamepitia vita, sishangai. Nimejaribu kuwaacha macho wazi, wasikilizie tu nyayo zao zinavyogusa sakafu. Hapo wanatulia kidogo, ila watoto wachanga wanalia na walinzi wanapitapita.

Kwa mliowahi kufanya kazi hii: mama akianza kulia katikati, nisimamishe wote au niendelee polepole? Na zoezi gani fupi mtu anaweza kulifanya huku ananyonyesha? Aksanti sana.