Shule ya mkataba na elimu maalumu: huduma hukuaje?

Mama Pacha, Minnesota: Habari zenu. Mwanangu wa miaka 7 ana kigugumizi kikali. Mtaalamu wa matamshi huja Jumanne tu, dakika 20, wanakaa kwenye kona ya maktaba huku wenzake wakipita. Nikiuliza, naambiwa shule yetu ya mkataba (charter, yaani shule ya umma inayojiendesha yenyewe kwa mkataba) bado changa. Tusubiri hadi lini?

Mwalimu wa zamu: Pole sana mama. Uchanga si sababu. Sheria ya shirikisho la Marekani ya 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, siku hizi IDEA, inazibana shule za mkataba kama shule nyingine za umma. Na hapo Minnesota shule ya mkataba huhesabiwa kama wilaya ya elimu inayojitegemea, hivyo mzigo ni wao.

Shuleni kwetu nilianza elimu maalumu peke yangu na kabati moja la mafaili. Tulinunua saa za mtaalamu, kisha tukaungana na shule mbili jirani tukaajiri mmoja wa kudumu. Hapo watoto wakaanza kumzoea, na kumzoea ndiyo nusu ya kazi.

Angalia dakika zilizoandikwa kwenye IEP yake, yaani mpango wake binafsi wa elimu. Hazitoshi? Omba kikao kwa maandishi.

Mama Pacha: Zimeandikwa 60 kwa wiki! Naandika barua usiku huu.